Lucienne na Herufi Tatu za Noko Prudent

Kila asubuhi, mbele ya kunawa uso, dada Lucienne alikuwa anasimama kwenye mulango wa parcelle, uwanja wa kwao, huku mtaani Mudzipela, mswaki mdomoni, anangojea moto, pikipiki ya kwanza, ipite. Hakuwa na safari. Alitaka tu herufi za plaque, zile za namba nyuma ya moto. Akiisha kuziona, anaanza kutafuta neno la Kiingereza lenye herufi zile ndani, anatafuna mswaki, macho juu, mpaka neno linafika. Likifika anacheka peke yake na povu inamwangukia kwenye kitenge. Motard mmoja, mwendesha moto, alifikiri ni yeye anachekewa. Akazunguka quartier, akapita tena, safari hii amechana nywele.

Ugonjwa ule aliupata kwa noko yake, Papa Prudent, ndugu ya mama yake, aliyemulea tangu baba yake alipokufa. Ni watu wa Mahagi. Papa Prudent aliuzisha samaki miaka mingi ng'ambo, Uganda, akarudi na Kiingereza, akakivaa kama koti la Siku Kuu. Kwake hakuna mutoto aliyetumwa kuosha sufuria. Chakula kikiisha, noko anataja herufi tatu, na kila mmoja anatafuta neno la Kiingereza lenye zote tatu ndani. Zikae mbele, zikae nyuma, hana shida, bora ziwemo. Mwenye kukosa ndiye anaosha. Akisema G, R, N, mmoja anajibu green, mwengine orange, na Aimé, mutoto wa mwisho, anajibu "gorogani", halafu anaenda kuchukua sifongo mwenyewe bila kungoja hukumu.

Lucienne alisahau kabisa namna sufuria inaoshwa. Lakini neno likimufikia, halikai ndani. Siku moja kwenye misa, padri amenyamaza kidogo ili tufikiri zambi zetu, tukasikia umbrella kutoka benchi ya wasichana. Padri naye akaangalia juu, kama paa inavuja.

Liévin alimupata kwa njia ile ile. Liévin ni Munande, familia yake ilitoka Butembo, anauzisha piesi, vipuri vya moto, karibu ya soko. Lucienne aliingia dukani kwake bila kununua kitu, akasimama mbele ya makarito, boksi za piesi, akasoma: gasket, bearing, sprocket. Anasoma, anacheka, anatoka. Kwanza Liévin aliogopa, alifikiri ni mutu wa taxe, wa kukamata kodi. Kisha akaanza kugeuza makarito kila asubuhi ili maandishi yaangalie mulango. Muteja akikuja kuomba chaîne, munyororo wa moto, anaambiwa angoje kwanza, usiharibu mupango. Siye wote wa quartier tukajua amependa.

Familia ya Liévin ilikuja kuomba musichana, na Papa Prudent akawarudisha. Alisema mukwe asiyejua Kiingereza, atazungumuza naye nini. Tantine Kavira, shangazi ya Liévin, aliyeongoza wageni, akaapa barabarani, watu wakisikia: watarudi mara moja tu, na wakirudishwa tena, mbuzi zao zitajua njia ya nyumba ingine. Siku ile Lucienne hakukula. Yeye, ambaye anakwaruzaka hata ukoko kwenye chungu.

Basi wakarudi, na mbuzi, na mavazi ya kung'aa. Desturi ya kwa Papa Prudent ni hii: musichana anafichwa chumbani chini ya kitenge, pamoja na binamu zake, na wageni hawawezi kusikia sauti yake mpaka noko amuite na kumuuliza kama anajua watu hawa. Sauti yake ndiyo mulango. Ikiisha kutoka, hakuna masharti mengine yanaongezwa. Ndiyo maana Grâce, binamu yake, alikaa kando yake mukono tayari karibu na mdomo wa Lucienne. Alimufahamu.

Papa Prudent akasimama katikati ya uwanja, tai shingoni.

"Mukwe, sitaki ng'ombe. Nataka neno moja. R, N, C."

"France," Liévin akajibu.

"Ile ni jina la inchi. Nakupa zingine. P, L, N."

"Plein."

"Ile ni Kifaransa, mukwe. Uko station ya essence, unaomba tanki ijazwe?"

Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Liévin alitoka jasho lote alilokuwa nalo. Za mwisho, noko akasema, ni B, G, C, na kisha hapo kila mutu aende kwake. Liévin akaangalia chini, akatafuta kwenye makarito yote ya duka lake, rafu kwa rafu, tuliona midomo yake inasoma.

"Big clutch," akasema.

Papa Prudent akahesabu kwa vidole. B iko. G iko. C iko. Karibu akubali. Kisha akashituka kwamba ni maneno mawili, akatikisa kichwa. Tantine Kavira akafunga kitambaa chake vizuri, akaomba vijana wafungue mbuzi.

Chumbani kitenge kilitetemeka kama kina kuku ndani. Grâce akaweka mukono. Alichelewa.

"Cabbage!"

Ilisikika mpaka kwa majirani. Cabbage, ni ile shu, kabichi, tunakatakata kila siku kando ya bugali.

Papa Prudent akasema haikubaliki, jibu limetoka kwa nyumba yake, si kwa wageni. Lakini Tantine Kavira alikuwa ameisha kukaa tena, amepanua kitenge chake polepole.

"Papa, miye sijue cabbage ni nini. Sikuulize juu yake. Nauliza tu: ile sauti ni ya nani?"

Vidole vya Papa Prudent vilikuwa vinahesabu tena, peke yao, na uso wake ukaanza kung'aa, hakuweza kuuzuia.

"Ni ya mutoto wangu," akasema. "Na hakukosa."

Vigelegele vikapanda. Mbuzi zikapokelewa, zikafungwa nyuma ya jiko. Lucienne akatoka, kitenge kinamuteleza begani, anacheka na kulia. Desturi ilitaka asalimie wageni, arudi ndani, akae kwao mpaka ndoa ya kanisa. Mama yake alimuonyesha chumba kwa macho. Lucienne akasalimia, ndiyo, kila mutu, kwa heshima. Halafu akamushika Liévin kwa mukono wa shati, akapita naye kati ya viti. Tulifikiri wanaenda kupiga foto kwenye mulango. Tukasikia moto ya Liévin inawaka, inaenda.

Mama ya Lucienne alimuwekea mutoto wake kiti kando ya noko, na sahani imefunikwa. Tulingoja warudi. Chakula kikaanza kupoa, na mwishowe Tantine Kavira akaenda kukaa kwenye kile kiti, akafunua sahani.