Kishonanguo na Sketi ya Kwaya

Enzi zetu kule Endasak, mtoto hakutoka shambani bila kunaswa na kishonanguo. Unalijua gugu lile: mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano, zinang'ang'ania sketi, soksi, hata nywele. Kwa nini likaitwa hivyo, kila mtu mzima alikuwa na lake. Mwalimu alisema ni kwa sababu ya zile sindano. Bibi alibisha. Yeye alitafuna majani yake, akayabandika kwenye kidonda, akasema, "Hiki kinashona ngozi. Hiyo nguo mmeongeza ninyi." Mama naye aliapa kwamba jina lilitoka kwa wazazi: "Kinamshonea mtoto ushahidi. Hata ukikana, sketi inasema ulikopita."

Mwaka ule tuliambiwa sisi si watu wa Arusha tena, tuna mkoa wetu, Manyara. Wageni wangekuja shuleni, na kwaya yetu ikapangwa kuimba. Asubuhi ya siku yenyewe, mimi na rafiki yangu Paskalina tukapitia kwa mzee Bura kuiba mapera. Mzee akakohoa ndani. Tukaruka uzio, na sketi yangu mpya, ya dukani, si ya mitumba, ikachanika kutoka gotini hadi karibu na kiuno.

Nikalia. Mama angeniua. Paskalina akatazama huku na huku, akasema, "Acha kulia. Si kinaitwa kishonanguo? Basi kishone."

Tukazipanga mbegu mstari mzima kwenye mpasuko, zikashika! Tukaingia uwanjani tumenyoosha shingo.

Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili, tulipoanza kuyumba kulia na kushoto, zikanichoma paja. Nikaruka. Sketi yangu ikanasa kwenye ya Paskalina, naye akaruka. Yake ikanasa kwenye ya Magdalena, ambaye hakujua lolote, akapiga ukelele. Mara safu yote ya mbele inaruka na kujikuna, na wageni wamesimama wanapiga makofi.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, ngoma hii inaitwaje?"

Mwalimu mkuu alitutazama kwa jicho la mtanitambua, akajibu, "Kishonanguo, mheshimiwa."

Mama alikuwa miongoni mwa wazazi. Nilipofika nyumbani nilimwamkia "Shikamoo, Mama," ingawa nilishamwamkia asubuhi. Akanisimamisha mbele yake, akaanza kuzing'oa zile mbegu moja moja, uso umekunjamana. Ghafla mabega yakamtikisika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, kisha akachukua sindano na uzi mweusi, akaishona sketi ile nikiwa nimeivaa, huku akiniambia nisijitikise. Kesho yake nilikwenda kuomba radhi kwa mzee Bura, nikapata fimbo mbili na mapera manne.

Siku hizi binti yangu ananunua suruali iliyokwisha kuchanwa magotini, tena kwa bei kubwa, na nikimwonyesha tundu ananionea huruma. Nguo yake nyingine ikitatuka, anaitupa na kuagiza mpya kwa simu. Mimi bado nakumbuka joto la vidole vya Mama pajani mwangu, uzi ukipita. Wanangu, sijui watakumbuka nini kuhusu mikono yangu.