Maua kwenye Mkono wa Esha

Mwanahija binti Dadi alianza kuchora hina Mlingotini kabla hajaolewa. Harusi za kijijini, na nyingi za Bagamoyo mjini, zilipita mikononi mwake. Alikuwa akichora bila kunyanyua koni ya hina: ua linazaa jani, jani linazaa kikonyo, mpaka bibi harusi anajikuta amevishwa maua tangu kucha hadi kiwikoni. Watu walimwita Fundi, na watoto wengi hawakujua kama ana jina jingine.

Kiharusi kilimkuta jikoni akipepeta mchele. Maneno yalirudi. Mguu ukarudi kwa kiasi cha kutembea na bakora. Mkono wa kulia haukurudi. Ukiupakata unakaa, ukiuacha unaning'inia. Akajaribu koni kwa mkono wa kushoto, kwenye mguu wa mkamwana wake Raya, na mistari ikatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Hina haifutiki. Raya alitembea na madoa yale hadi yalipofifia yenyewe, na Mwanahija hakugusa koni tena. Watu walipokuja kuulizia, aliwaambia fundi hayupo.

Mwanawe Mrisho, mume wa Raya, alikuwa akiziba matairi ya malori Chalinze. Safari moja alirudi nyumbani na kishikwambi kilichokwisha kutumika, ili mama yake apate cha kusikilizia mawaidha. Kilikuja pamoja na kalamu nyeupe isiyo na waya, ambayo ukiipitisha kwenye kioo haifanyi lolote. Waliitupa juu ya kabati.

Raya ndiye aliyeishusha. Alikuwa akiifuta vumbi akaona ina kitufe. Akakibonyeza bila kukiachia, kitaa kidogo kikaanza kukonyeza. Akafungua upande wa bluetooth kwenye kishikwambi, akakuta jina geni limejitokeza, akaligusa. Kalamu na kioo vikajuana. Raya akaandika jina lake, akacheka peke yake, kisha akampelekea mama mkwe wake.

Mwanahija aliishika kwa mkono wa kushoto ili kumridhisha tu. Mstari wa kwanza ukapinda. Raya akagusa pembeni ya kioo na mstari ukapotea, kioo kikawa cheupe kama mwanzo. Mwanahija akakitazama kwa muda, kisha akauliza kama inawezekana kufuta hivyo zaidi ya mara moja. Raya akamwambia anaweza kufuta hata kutwa.

"Basi niachie," akasema.

Kufuta kutwa ilikuwa ni maneno tu, maana betri ya kishikwambi ilikuwa imechoka. Kikianza kazi asubuhi, adhuhuri hakiioni. Mwanahija akajifunza kubana. Alipunguza mwanga wa kioo, akahamia pale barazani penye kivuli ili aone vizuri, akafunga kila kilichokuwa wazi isipokuwa ukurasa wa kuchorea. Kikizimika, alikipeleka kwenye chaji na kuendelea kuchora kwa kidole kwenye sinia la unga. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito wa kusikia, lakini ulisikia. Kabla mwaka haujaisha, maua yake yalikuwa yamerudi, ila sasa yalilalia upande mwingine.

Raya alikuwa na mkono mwepesi lakini hakuwa na michoro ya kichwani. Akawa anakwenda harusini na kishikwambi, bibi harusi anachagua, naye anahamishia ngozini. Kazi ikaanza kuja tena. Mwanahija mwenyewe hakutoka. Hakutaka kukaa katikati ya wanawake wenzake huku mkono umelala mapajani na kila mtu anajifanya hauoni.

Ndipo Shamsia, mwanamke wa Mkange, alipopiga simu. Binti yake Esha alikuwa anaolewa, na tangu utotoni ana kovu la uji wa moto nyuma ya mkono wa kulia. Esha alikuwa amesema apakwe mkono wa kushoto tu. Wa kulia ataufunika kwa mtandio. Mama mtu hakumwomba Raya. Aliomba Fundi aje mwenyewe.

Mwanahija alirudisha simu kwa Raya, chai yake ikapoa bila kunywewa. Kisha akamwambia amtafutie gari.

Njiani Raya alikumbuka ushauri wa jirani kwamba ukigusa ile alama ya ndege, kishikwambi kinaacha kutafuta mtandao na betri inadumu. Akaigusa, akakifunga ndani ya kanga.

Mkange umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Waliketishwa chumbani kwa bibi harusi, na baada ya shikamoo na marahaba, Esha akatoa mkono wa kushoto. Mwanahija akaomba kuuona wa kulia.

"Huo hauna pa kuchorwa, bibi," Esha alisema.

Mwanahija akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaulaza juu ya mkeka. "Na huu wangu haushiki hata kijiko. Uweke wako hapa pembeni yake."

Esha alichelewa kidogo, kisha akauweka.

Raya akaupiga picha, ili Mwanahija achore juu ya picha kwanza kabla ya kugusa ngozi. Kalamu ikagoma. Raya akabonyeza kitufe, kitaa kikakonyeza, lakini kioo hakikuiona. Akazima kishikwambi na kukiwasha upya, na huko kuwashwa kukaila betri ikabaki robo. Esha akaanza kuurudisha mkono chini ya mtandio. Shamsia akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine haikuandikwa.

Mwanahija akamuuliza Raya ni kitu gani kimebadilika tangu jana. Raya alikuwa anataka kujibu kwamba hakuna, macho yake yakatua kwenye kindege pale juu ya kioo. Alikuwa amekata kila kinachopita hewani, na kalamu nayo hupitia huko huko. Akairudisha bluetooth peke yake, mtandao akauacha umekatwa. Kalamu ikaitika.

Mwanahija hakulifunika kovu. Alijua hina haishiki sawasawa mahali pa namna ile. Aliliacha wazi katikati, laini na linalong'aa kama lilivyo, akalizungushia vikonyo na majani membamba mpaka likawa petali moja kubwa la ua lililofunguka kuelekea vidoleni. Esha alisogea karibu na kioo. Akaomba jani moja liinuliwe kidogo. Mwanahija akalifuta, akaliinua.

Betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu Raya alipoanza kuhamisha. Alifika kwenye maungio ya vidole, kioo kikazima. Akabaki na koni hewani.

"Jani la kidole cha shahada linatazama kucha," Esha alisema. "Na lile la pembeni linarudi nyuma, lina vidoti vitatu."

Alikuwa amelishika ua lote kichwani. Wakamaliza hivyo, Esha akikumbuka, Mwanahija akielekeza kwa mdomo, Raya akichora, na Shamsia akiwapepea kwa ungo.

Siku ya harusi walibaki Mkange. Esha alitolewa nje mtandio ukiwa mabegani, akawapa wageni mkono wa kulia mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja wa makamo aliushika akaugeuza, akauliza nani kachora. Esha akamwonyesha alipoketi Mwanahija. Yule mwanamke akaenda kukaa naye, akapandisha mkono wa gauni kumwonyesha mahali alipopasuliwa.

Walipokuwa wanarudi, Raya alimwambia mama mkwe wake kwamba kuna harusi nyingine baada ya Maulidi, lakini ni mbali, na akitaka anaweza kubaki apumzike.

"Nitakwenda," Mwanahija alisema. "Lakini uwaambie mapema waniwekee kiti chenye mgongo. Mkeka ule umeniua kiuno."