Mwalimu wa Kigari Kisicho na Dereva

Anyosisye wa Ndandalo ana mwaka wa tisa akibeba vyungu kwa pikipiki. Huvipokea bandari ya Itungi, Ziwa Nyasa, vikishushwa kutoka mitumbwini, akavifikisha sokoni Kyela vizima, tena kwa mwendo unaowafanya bodaboda wenzake wampishe.

Masika haya alimkuta njiani kijana aitwaye Gwamaka, mhandisi kutoka Mbeya, amepiga magoti kando ya kigari kidogo kilicholala matairi juu kwenye matope. Kigari hicho huona njia kwa kamera na kujiendesha chenyewe. Gwamaka alitaka siku moja kipeleke dawa zahanati wakati wa mvua.

"Ugonile, mdogo wangu," Anyosisye alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Kimekufa?"

"Ndaga, dada. Kimepinduka tu, mara ya nne leo. Kikienda polepole hakina shida. Nikikipa kilomita arobaini kwa saa, shimo hili linakimaliza."

"Hebu kirudishe, nione."

Kigari kikaja mbio, kikaingia shimoni, kikafunga breki humo humo. Pua ikazama, mkia ukaruka. Anyosisye alicheka hadi akashika kiuno.

"Kinachelewa kushika breki," alisema. "Mimi nashika kabla. Tairi la mbele likifika ukingoni naachia, naongeza mafuta kidogo, pua inanyanyuka."

Gwamaka akaacha kufuta matope. "Dada, rudia hapo."

Kwa siku tatu Anyosisye aliendesha pikipiki ikiwa na kifaa cha kupima breki na mitikisiko, na kila jioni Gwamaka alikifundisha kigari kwa kompyuta kufuata alivyofanya dada huyo. Jumamosi wakapakia vyungu sita vya Rut, mfinyanzi.

"Kikivunjika kimoja," Rut alimwambia Gwamaka, "utanikanyagia udongo wa kufinyangia kingine."

Kigari kiliondoka kwa kasi, Anyosisye nyuma yake. Karibu na shimo kikapunguza, kikaachia, kikaruka kidogo, kikatua.

"Hivyo hivyo!" Anyosisye alikipigia kelele, kana kwamba kina masikio.

Sokoni vyungu vitano vilikuwa vizima, cha sita kina ufa. Gwamaka alikwenda kwa Rut, akakunja suruali, akakanyaga udongo asubuhi nzima huku wafinyanzi wenzake Rut wakimchagulia wimbo.

Mwezi uliofuata wahandisi wanne walikuja Ndandalo na madaftari. Anyosisye, aliyeishia darasa la saba, aliona haya kidogo mwanzoni. Kisha akawapanga kando ya barabara, akawasha pikipiki.

"Msiangalie tairi," aliwaambia. "Angalieni mkono wangu."