Swali la Arobaini na Mbili

Kwa miaka saba mama huyu alipata riziki yake kwa vifo vya watu. Si mchawi, wala hakuuza majeneza. Alikuwa mdodosaji wa utafiti wa afya: mtu akifa kabla daktari hajajua sababu, yeye ndiye aliyetumwa kwa wafiwa, wiki kadhaa baada ya mazishi, na tableti yenye maswali tisini. Alikohoa? Aliharisha? Miguu ilivimba? Majibu yalikwenda kwa madaktari, nao wakaamua marehemu alikufa kwa nini. Mtaani walimbandika jina la Mama Maswali. Walimsalimia vizuri tu, ila hakuna aliyefurahi kumwona akipiga hodi kwake.

Sheria za kazi alikuwa nazo kichwani. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usimsaidie mtu kujibu. Andika ulichoambiwa, hata kama unaona wazi kwamba unapigwa chenga. Na chenga zote zilikuwa kwenye swali la arobaini na mbili: tangu marehemu aanze kuumwa hadi kupelekwa hospitali, zilipita siku ngapi? Hapo watu walimeza mate, wakatazama mlango. "Mbili," walisema. "Mbili tu." Naye aliandika mbili, huku moyoni akiwaona waongo wakubwa.

Sasa zamu ilikuwa yake. Mumewe, fundi wa makochi, alikata roho kwenye benchi la mapokezi ya hospitali akisubiri kuonwa. Wiki sita zilikuwa zimepita na mjane hakuwa ametoa chozi. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Kujikaza gani? Alifua, alipika, akasahau kama amekula, na kifuani hakusikia chochote, si uchungu wala nafuu.

Aliyetumwa kumhoji ni mwenzake wa kazini waliyemwita Taratibu, maana hata akiitwa kula huja mdogo mdogo. Aliketi kwenye kochi ambalo marehemu hakulimaliza, upande mmoja kitambaa kipya, upande wa pili sponji tupu. Mama mkwe, aliyeishi chumba cha uani, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda.

"Mama, samahani," Taratibu alisema. "Kanuni zinataka nimhoji mtu mmoja peke yake."

"Mnamzungumzia mwanangu. Niende wapi?"

Taratibu akamtazama mwenzake. "Mwache," mjane akasema.

Wakaanza. Miguu ilivimba? Ndiyo. Alikosa pumzi akilala chali? Ndiyo, alilala amekaa, mito mitatu mgongoni. Mito hiyo alimpangia yeye mwenyewe kila jioni. Mume alisema ni uchovu wa kusimama karakana, utakwisha akimaliza makochi ya hoteli, naye akakubali. Mamia ya wafiwa alikuwa amewauliza juu ya miguu iliyovimba na pumzi iliyokatika, lakini daima aliuliza habari za maiti. Mbele ya mtu aliye hai, anayetania kwamba mkewe atamzika kwa mito, maswali yale hayakumjia kabisa.

"Swali la arobaini na mbili," Taratibu akasema, macho kwenye tableti. "Tangu aanze kuumwa hadi kupelekwa hospitali, zilipita siku ngapi?"

Mjane akatazama mlango, na akajua kwamba ameutazama. Mama mkwe alikuwa amembakia peke yake katika nyumba ile, na siku ya msiba mjane mwenyewe alikuwa amemwambia, "Mama, imetokea ghafla." Akisema kweli, ataishi vipi na mwanamke huyu, wakipakua chungu kimoja, wakipishana kwenye mlango mmoja? Neno "moja" lilikuwa limeshamfika mdomoni. Taratibu angeliandika bila kuinua uso. Hata yeye angefanya hivyo.

"Tisa," akasema.

Taratibu akaandika. Mama mkwe hakupiga kelele. Alivuta khanga yake mabegani, akakohoa kidogo.

"Futa hiyo," akasema.

"Mama, siwezi kufuta, amejibu mwenyewe."

"Futa, uandike kumi na moja." Akamgeukia mkwe wake. "Siku mbili kabla hujajua, alikuja kwangu nikamkanda miguu. Ilikuwa inabonyea. Akanisihi, mama, usimwambie mke wangu. Yeye kazi yake ni hii, akiiona tu miguu atanikokota hospitali leo leo, na makochi hayajaisha. Nikanyamaza. Nilijua ukishaiona utampeleka."

 Wiki sita wanawake wawili walikuwa wamekaa nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake siku alizozijua. Mjane aliingoja hasira, au kilio, au kitu chochote. Hakikuja. Aliona tu kwamba mumewe alikuwa amemwogopa bure: miguu aliiona siku tisa, asimkokote popote.

"Andika kumi na moja," akamwambia Taratibu. "Kisha soma linalofuata."