Kifuniko Kimoja

Jirani yangu anayesindika plamsi kuwa jamu hapa Lushoto hakai chini. Hata chai anainywa amesimama mlangoni pa karakana yake, kikombe mkono huu, mwiko mkono ule, viganja vimeiva zambarau hadi kwenye kucha. Kila baada ya maneno mawili anachungulia barabara inayopanda kutoka Mombo. Chupa anazo, sukari anayo, na matunda yanashuka kwa matenga kutoka Kwai. Vifuniko ndivyo vinavyotoka nje ya nchi, na mzigo umekwama bandarini. Plamsi nazo hazingoji meli. Zinalainika, zinapasuka, nyuki wanakuja, naye anawafukuza kwa pindo la kanga huku akiizunguka sufuria.

Jana dereva wa lori la Dar alimwambia, "Mama, niuzie hayo matunda mabichi, la sivyo utayamwaga." Jirani yangu akavuka barabara, akaingia dukani kwangu na chupa iliyojaa jamu, bado ya moto, haina kifuniko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe ile jamu ya nje."

Nikamshushia ile ambayo hununuliwa na watalii tu. Akalipa, akaifungua palepale, akakitwaa kifuniko chake na kukizungusha kwenye chupa yake mwenyewe. Kikakaa. Akakilegeza, akakikaza tena, akaipindua chupa juu chini. Halikudondoka hata tone. Akashika njia.

"Mama, umesahau jamu yako," nikamwita.

"Jamu ninayo," akasema bila kugeuka.