Watu wa Mto

Kwa muda mrefu, jina langu kwenye ile kompyuta lilikuwa Malkia wa Milima, na sikulichagua mimi. Lilikuja pamoja na taifa, na taifa lenyewe lilikuwa lile lililobaki baada ya mdogo wangu wa kiume kuchukua lake.

Kompyuta ilikuwa yake. Aliinunua Kasulu mjini ikiwa imeshatumika, akakuta ndani mchezo ambao mwenyewe wa kwanza alisahau kuufuta. Ni mchezo wa zamu. Unapewa taifa la kale na watu wachache, unajenga mji, unalima, unachimba, unapeleka watu mbali wakajenge mji mwingine, kisha unamaliza zamu yako na mwenzako anaanza yake. Hakuna haraka. Unaweza kwenda kuchochea moto chini ya chungu cha maharage ukarudi, ukamkuta bado anawaza, ameshika kidevu kama mzee wa baraza. Tulicheza Jumapili baada ya misa, kibarazani kwa mama pale Murungu, wakati jua lina nguvu za kutosha na sola iliyo juu ya bati inaweza kuilisha ile mashine. Kompyuta ilikuwa moja, kwa hiyo tulipokezana kiti.

Kila taifa katika mchezo huo lina zawadi yake ya kuzaliwa nayo. Watu wa Farasi hutembea mbali kuliko wengine. Watu wa Misafara wakiuza chumvi hupata zaidi ya kila mtu. Watu wa Milima, yaani mimi, tulipata mawe na chuma cha ziada kila tulipochimba kilimani. Na Watu wa Mto, kila shamba lao lililogusa maji liliwapa kipimo kimoja cha chakula juu ya kile ambacho wengine wangepata. Kwenye ramani yetu ndogo, hao wawili wa mwisho ndio waliofaa. Mdogo wangu alichukua Watu wa Mto siku ya kwanza, na Jumapili zote zilizofuata akawachukua tena bila kuniuliza. Nilijiambia mashine ni yake.

Kipimo kimoja cha chakula, ukikiona unakicheka. Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha kwa kujitolea nikingoja ajira ya serikali, na kazi yangu ni kuwaeleza watoto wa watu jinsi kitu kidogo kinavyofanya kingine. Chakula kikizidi kidogo, mji unajaa mapema. Mji ukijaa mapema, watu wanatoka mapema kwenda kujenga mwingine. Wakitoka mapema wanaikuta ngano, wanawakuta farasi, wanalikuta lile bonde zuri ambalo na wewe ulikuwa unalimezea mate, na wewe ukifika unakuta bendera. Chuma changu kilikuja, ndiyo, lakini kilikuja wakati mdogo wangu ameshaizunguka nchi yangu pande zote na ananiuliza kwa upole kama niko tayari kulipa ushuru. Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui.

Kushindwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni maneno yake baada ya kushinda.

"Dada, unacheza vizuri," alikuwa akisema, anajinyoosha, "ila huna mipango."

"Mipango gani? Wewe umepewa mto!"

"Mto si hata wewe unao? Huo hapo, unapita katikati ya mji wako. Ni kuutumia tu."

Ni kweli, maji yaleyale yalipita kwangu. Ila yeye akilima kando yake alipata zaidi, na mimi nikilima kando yake nilipata kama mtu mwingine yeyote, na jambo hilo liliandikwa waziwazi mwanzoni mwa mchezo, kabla ya zamu ya kwanza. Yeye ukurasa huo aliuruka kila mara. Mimi nina hasira za karibu, mama hujua, na zaidi ya mara moja aliniita ndani nikamenye mihogo kabla sijasema neno la kuharibu chakula cha mchana.

Sasa nieleze shamba letu, maana bila hilo haya yote yangebaki kuwa mchezo.

Nyumba ya mama iko mgongoni mwa kilima. Juu yake ni shamba la mihogo, udongo mwekundu na mawe mengi, eneo kubwa kweli. Chini yake ni bonde. Ni dogo, lakini halikauki. Mwezi wa nane, wakati vumbi la barabara ya Kibondo linapaka kila kitu rangi moja, bondeni kuna maharage mabichi, kabichi na magimbi, na jembe linaingia bila kubembelezwa. Nilipotoka kwenye ndoa yangu na kurudi nyumbani na binti yangu mgongoni, baba alinikatia kipande hukohuko bondeni. Mwalimu wa kujitolea halipwi kitu cha kujivunia. Kipande kile ndicho kilichotulisha, mimi na mtoto.

Lakini hakikuwa changu. Sisi ambao wazazi wetu walivuka kutoka Burundi, kipande kama hicho tunakiita igiseke, yaani kapu. Baba humpa binti kapu ale ndani yake. Hauzi, hagawi, na akiolewa tena au akifa, kapu linarudi kwa kaka zake. Mtoto wake halirithi. Kila mwaka, kabla ya kupanda maharage ya kiangazi, nilikwenda kwa baba kuomba tena, na kila mwaka baba alicheka akasema nenda ukalime, nani kakukataza. Nilimpenda baba yangu. Hata hivyo nilikwenda kuomba, na mdogo wangu hakuwahi kwenda kuomba kitu.

Baba akafariki. Matanga yalipoisha, baba mdogo, ambaye anaishi Kasulu, alituma ujumbe kwamba atakuja kugawa shamba. Nikajua kwamba kipande changu kinakwenda kuwekwa mkononi mwa mdogo wangu, na kwamba binti yangu akikua atakuwa mgeni kwenye maharage yaliyomkuza. Sheria ya nchi, inayompa mwanamke haki ya kumiliki ardhi, naijua. Naweza kuisoma mwenyewe na kumsomea mtu. Lakini sheria haiji kula kwa mama siku ya Jumapili, na mimi nakuja.

Jumapili ya kabla ya kikao nilimwambia mdogo wangu, "Leo nachagua mimi kwanza."

Alicheka. "Chagua. Nani kakukataza?"

Nikachukua Watu wa Mto. Alisita kidogo, kisha akachukua milima, akasema atanionyesha jinsi inavyochezwa.

Mchezo ule siusahau. Si kwa sababu nilishinda, ingawa nilishinda. Siusahau kwa sababu ya kilichotokea ndani yangu nikiwa nashinda. Mji wangu ulijaa. Nikatoa watu, nikaifikia ngano, nikawafikia farasi, na kila zamu iliporudi kwangu nilikuta kuna kitu cha ziada kinanisubiri nikitumie. Na pole pole, nikiwa nimekaa pale naweka mashamba yangu kando ya maji, nikaanza kujiona nina akili. Nilisahau kipimo cha chakula. Mimi, niliyekuwa nikikipigia kelele kila Jumapili, nilikisahau kabisa. Niliona mipango yangu tu, jinsi ilivyopangika vizuri, nikamwonea huruma mwenzangu anayehangaika kule kwenye mawe. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na siku zote nilidhani ni maneno ya kumlaumu mwenye shibe. Siku ile niliona kwamba shibe haimfanyi mtu awe mbaya, inamfanya asihisi kitu, na asiyehisi kitu huwezi kumwonyesha kwa kidole.

"Ramani hii mbovu," mdogo wangu alisema. "Tuanze upya."

"Oya, hapana. Tunamaliza."

"Umenipa nchi ya mawe, dada, nitafanya nini na mawe?"

Nikamjibu, na nilikuwa nimelingoja neno hilo muda mrefu kiasi kwamba lilitoka taratibu, "Huna mipango."

Hakucheka. Aliifunga kompyuta, akaiweka kwapani na kuondoka nayo, akamuaga mama tu.

Baba mdogo alikuja Jumamosi. Tulikaa uani, yeye, ndugu wengine wa ukoo, mama kwenye mkeka wake, mdogo wangu kwenye kiti na mimi pembeni ya mama. Baada ya sala na soda, baba mdogo alimgeukia mdogo wangu.

"Wewe ndiye mwenye mji sasa. Tuonyeshe unapopataka wewe, halafu tumtafutie dada yako kapu lake."

Mdogo wangu aliniangalia. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Baba mdogo, dada ndiye mkubwa. Achague yeye kwanza."

Ndugu wakaitikia kwa kuridhika. Mmoja alisema kwa mshangao, yewe, marehemu alilea. Na mimi nilijua, kama wote waliokaa pale walivyojua, ninachotakiwa kusema. Kwetu, ukimkuta mtu anakula atakukaribisha, tena atasogea kukupa nafasi, na wewe utasema ahsante, nimeshiba, hata kama tangu asubuhi hujaonja kitu. Yeye anapata sifa ya ukarimu, wewe unapata sifa ya adabu, na chakula kinabaki pale kilipokuwa. Uwanja mzima ulikuwa unangoja nishibe. Nilitakiwa niseme, hapana baba mdogo, yeye ndiye mwanaume, mnipe popote. Maneno yalikuwa mdomoni, niliyafundishwa kabla ya kufundishwa kusoma.

"Bondeni," nilisema. "Bonde lote. Na si kapu. Liwe langu, na baada yangu liwe la binti yangu. Yeye achukue mlima, na mlima ndio mkubwa."

Mama alikuwa anaangalia mkeka. Baba mdogo alikohoa, akamuuliza mdogo wangu kama amesikia, kisha akangoja, na mimi nikaona usoni kwa mdogo wangu lile tabasamu la kupokea shukrani likiwa bado halijapata habari. Neno lililosemwa mbele ya ukoo halimezwi. Angeweza kusema alikuwa anatania, lakini angelisema hilo mbele ya watu waliomsifu dakika hiyohiyo.

"Ego," alisema. Ndiyo.

Nimejiuliza mara nyingi kama alimaanisha. Labda siku ile ya mchezo ilikuwa imemgusa, akalala nayo, akaja kikaoni ameamua kunipa nafasi kweli, ila hakudhani ningeitumia yote. Labda ilikuwa adabu tu. Kumuuliza siwezi, kwa sababu tangu siku ile hatujakaa kiti kimoja. Jumapili anapita kumsalimia mama asubuhi, kabla sijatoka misa. Mkewe ananiamkia vizuri, shikamoo dada, na haongezi. Kompyuta iko kwao.

Bonde silijutii. Hata nikiamshwa usingizini nikaulizwa, nitajibu hivyohivyo. Lakini mdogo wangu namkumbuka. Namkumbuka akiwaza ameshika kidevu. Namkumbuka akinidanganya kwamba hajaona jeshi langu linakuja. Sikujua kwamba mtu anaweza kushinda kitu cha haki kabisa na bado akakaa nacho kama mfiwa.

Kiangazi cha mwaka huu kimekuwa kikali. Mihogo ya juu imesimama tu. Wiki iliyopita nilikuwa bondeni napandisha matuta ya maharage nilipomwona mdogo wangu anashuka, taratibu, jembe begani. Alifika ukingoni akasimama. Hakukanyaga udongo uliolimwa.

"Amahoro, dada."

"Amahoro."

Aliangalia maji, akaangalia kabichi. Alizunguka kidogo na habari za mama na za jua, kisha akasema, "Nimekuja kukuomba. Sehemu ndogo tu, nipande maharage ya watoto. Hata kule mwisho."

Jibu nilikuwa nalo tangu nilipomwona anaanza kushuka. Ningempa, na si kule mwisho, ningempa pazuri, na baadaye nilimpa kweli.

Lakini kwanza nilimwambia, "Ngoja nimalize tuta hili."

Akasema sawa. Akashusha jembe, akaliegemea. Nami nikainama, nikaendelea kupandisha udongo, na tuta lilikuwa refu, na sikufanya haraka. Nilisikia anavyopumua. Nilijua bila kugeuka kwamba hataondoka, wala hatanihimiza, wala hataweka mguu ndani mpaka nimwambie. Kitu kile, cha mtu mzima kusimama juani akikungoja wewe, sikuwahi kukionja tangu nizaliwe. Kilikuwa kitamu. Nilifika mwisho wa tuta, nikaona lipo jingine pembeni yake halijakaa sawa, nikaanza na hilo.