Kifurushi cha Mwisho cha Elia

Ukisimama popote Bariadi mjini ukasoma maandishi ya ukutani yaliyonyooka, ambayo herufi zake hazikubanana mwishoni eti fundi alisahau kupima, ujue umesoma mkono wa Mihayo. Ameandika maduka ya dawa, mashine za kusaga, milango ya malori ya pamba na misalaba ya makaburini. Misalaba ndiyo haimkoseshi kazi. Miaka thelathini anaandika majina ya watu waliokufa, kuanzia Kasoli alikozaliwa mpaka Dutwa, na hajawahi kukosea tarehe ya mtu.

Mkono mzuri, ulimi mbaya. Heri niliseme mapema, maana ulimi huo ndio uliomfikisha alipofika.

Mtoto wake wa pekee aliitwa Elia, na Elia alizaliwa na selimundu. Nyumba yenye ugonjwa huo haihitaji kuelezwa: leo kijana mzima anacheka, kesho viungo vinamuuma mpaka kikombe hakishikiki. Alifanya kazi steshenari, akitengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta, harusi za wenzake. Jumamosi alikaa mezani chumbani kwake na rafiki yake Anatoli, mwalimu wa hesabu, wakicheza michezo ya ubao yenye dadu na vijitu vidogo vya plastiki, kila kimoja urefu wa kidole gumba, na kila kimoja na silaha yake.

Michezo hiyo haikununuliwa dukani. Mtu huko ng'ambo anasema nina wazo la mchezo, nichangieni; watu wa dunia nzima wanachanga mtandaoni kama tunavyochangia harusi, halafu wanasubiri mwaka, hata miwili, mpaka kiwanda kimalize na kifurushi kifike. Nyanjige, mama yake Elia, hakuelewa kwa nini mwanawe alipie kitu ambacho hakijatengenezwa. Elia alimjibu kwamba anapenda kuwa na kitu cha kusubiri.

Mara mbili Elia alimwomba baba yake amsaidie kupaka rangi vile vijitu, maana vinakuja vya kijivu. "Baba, mkono wako ndio ungeviweza." Mara zote mbili Mihayo alisema yeye anawaandikia watu wazima.

Kisha ikaja siku ile ya mwezi wa kwanza. Jirani yao Bujiku alibatiza mjukuu, wa tatu, na pale kwenye ubwabwa watu walimuuliza Mihayo wake yuko wapi. Akarudi nyumbani na hasira za mchana kutwa. Akamkuta Elia, siku nne tangu atoke wodini, anacheka na Anatoli juu ya ubao. Akasimama mlangoni akasema, "Wenzako wanacheza na watoto wao. Wewe mwanaume mzima unacheza na midoli."

Elia alikuwa ameshika kijitu kimoja hewani. Akakishusha taratibu, kama kinaweza kuvunjika. "Sawa, baba," akasema. Basi. Tangu siku hiyo alicheza mlango ukiwa umefungwa, na hakumwomba tena baba yake rangi.

Mihayo alijua amekosea kabla hajafika uani. Lakini kuomba radhi hakukujua. Elia alipolazwa tena, alimpelekea soda ya machungwa kila siku, na kwa akili yake hiyo ndiyo ilikuwa radhi. Elia alikunywa zote na kusema ahsante. Mwezi wa tano, tarehe kumi na tisa, akafariki.

Wakamzika Kasoli, kwenye kaya ya wazee. Mihayo aliandika msalaba mwenyewe. Aliandika jina, akaandika KUZALIWA na tarehe yake, akaandika KUFARIKI, na hapo mkono ukagoma. Aliwaambia waombolezaji kwamba rangi imeisha. Nyanjige alikuwa amesimama nyuma yake, na aliuona mkebe umejaa.

*

Miezi minne baadaye simu ya Elia iliita. Nyanjige alikuwa anaichaji kila siku. Akiulizwa sababu, alisema ni ya kuangalizia saa. Ulikuwa ujumbe kutoka posta: Elia Mihayo, kifurushi chako kimefika.

Walikwenda wote wawili, wamevaa za kanisani. Dada wa dirishani akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Nyanjige ndiye aliyejibu. "Ametutuma."

Tangu siku hiyo neno hilo likaingia nyumbani na kukaa. Ametutuma.

Nyumbani, Mihayo alikata utepe wa gundi kwa wembe, akatoa sponji, akatoa mifuko. Harufu ya plastiki mpya ikajaa chumba cha Elia. Vijitu vilikuwa thelathini na sita, vya kijivu, vingine vichwa vyao viko pembeni vinasubiri gundi. Kulikuwa na mwanamke mzee amepanda fisi, kama wachawi wanavyosimuliwa kwetu. Nyanjige alipomwona huyo alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Baba Elia, huyo mama mpaka Ulaya anajulikana?"

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, walicheka. Kisha wakaona aibu, wakanyamaza, na katika ule ukimya wote wawili walisikia dadu likibingirika mezani. Mihayo alisema ni panya. Meza ilikuwa mbele yao na haikuwa na panya.

Alinunua brashi ndogo kuliko zote alizowahi kushika akaanza kupaka. Kila alasiri alikaa kwenye kiti cha Elia, dirisha wazi. Kijitu kimoja kilimchukua siku mbili. Alikuwa anafanya alichoombwa, kwa kuchelewa, na alilijua hilo, mara nyingine alimwambia mwanawe kwa sauti, "Huyu koti lake nalifanya jekundu." Halafu alingoja. Usimcheke. Watu wengi mnaowaheshimu wanangoja majibu ya namna hiyo.

Kifurushi cha pili kilikuja mwezi wa kumi na mbili. Posta wakauliza tena, wakajibiwa vilevile. Ndugu wa Kasoli, kwa upande wao, walianza kuuliza msalaba utamalizwa lini. Nyanjige alimwambia mumewe asifanye haraka. "Maadamu hujaiandika ile tarehe, analeta," alisema. Alikuwa muumini, kwenye kwaya ya akina mama hakosi, lakini bibi yake alimlea akiwawekea masamva, wahenga wa ukoo, chakula kwenye kibanda chao, na mambo hayo hayatoki yote kwa kubatizwa.

Kwenye daftari la Elia kulikuwa na orodha ya michango mitatu. Vifurushi viwili vimekuja. Mihayo akawa anakiogopa cha tatu kuliko kitu chochote, kwa sababu baada ya hicho hapakuwa na kingine. Na jambo moja halikumtoka usiku wala mchana: je, mtoto aliondoka na lile neno moyoni? Sawa, baba. Sawa gani ile?

*

Kilifika mwezi wa saba, malori ya pamba yakipita mchana kutwa na nyuzi zake nyeupe zikiruka mpaka ndani ya nyumba. Kilikuwa kizito kuliko vyote. Chini kabisa, chini ya sponji ya mwisho, kulikuwa na kiboksi kidogo cha peke yake chenye jina la Elia. Mihayo alikifungua akijua atakachokiona. Alijua ni uso wa mwanawe.

Ulikuwa uso wake mwenyewe.

Mzee mfupi wa kijivu, ameinama, brashi mkononi. Kofia yake iliyokunjwa upande mmoja. Bega la kushoto limeshuka, tangu alipoanguka na baiskeli. Hata mguu mmoja wa suruali umekunjwa, kama anavyoukunja usishike rangi. Chini palikuwa na kibao cha kukisimamishia, na kibao hicho kilikuwa na matundu mawili. Katika la kwanza yule mzee wa plastiki aliingia sawasawa. La pili halikuwa na mtu. Alitikisa boksi, akapasua sponji, akapiga magoti akatafuta sakafuni. Hapakuwa na mwingine.

Nyanjige alikitazama bila kukigusa. Akasema taratibu, "Anakuita."

"Nani?"

"Mtu hatumiwi sura yake na marehemu hivihivi. Kakuwekea na nafasi ya kusimama karibu yake. Usikipake rangi. Ukikipaka ndiyo umekubali." Alitaka wakipeleke Dutwa kwa mtaalamu mmoja aliyemjua dada yake.

Mihayo alimwambia aache ujinga. Lakini kesho yake alifika kwenye duka la vipuri alikokuwa ameanza kazi, akaweka mguu kwenye ngazi, akautoa. Akaweka tena, akautoa. Mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Miaka thelathini juu ya ngazi, leo anaogopa vidato vinne. Alirudi nyumbani na ngazi yake, na Nyanjige akaichukua akaihifadhi kwa Bujiku.

Mihayo hakuogopa kufa kama alivyoogopa sababu ya kuitwa. Kama mtoto anamwita kwa ajili ya lile neno, ana haki. Aliyesema ni yeye, mlangoni pale, mbele ya mgeni.

Akamwita Anatoli.

"Mwadila, mayu," Anatoli alimsalimia Nyanjige kwa Kisukuma, na kwa Mihayo akatoa shikamoo yake. Alikaa kwenye kile kiti alichokuwa akikalia Jumamosi zote zile, akakigeuzageuza kijitu mwangani, na macho yake yakalengwa na machozi kabla hajasema kitu.

"Mzee, wanaochangia kiasi cha juu wanaruhusiwa kutuma picha za watu wao, wanachongwa na kuingizwa kwenye mchezo. Picha mbili. Naona alituma yako. Hakuniambia."

"Na ya pili?"

"Sijui. Huwa wanasahau vitu, viwanda hivi. Tunawaandikia, wanatuma kilichosahaulika."

Nyanjige, aliyekuwa mlangoni, aliuliza, "Watamtuma Elia?"

Anatoli aliandika barua pepe akieleza kwamba rafiki yake amefariki, kwamba kifurushi amekipokea baba yake, na kwamba tundu la pili halina mtu.

Siku tisa walisubiri. Sijui kama kuna nyumba nyingine Simiyu iliyowahi kumsubiri marehemu kwa njia ya posta. Nyanjige alifagia chumba kila asubuhi, na kila jioni alitandika kitanda upya. Mihayo alimwona na hakumzuia, maana na yeye alikuwa anaichaji ile simu.

Jumamosi Anatoli alirudi. Hakukaa.

"Wamejibu. Wanatoa pole. Wanasema hawakusahau kitu. Wamenitumia maneno aliyoyajaza Elia mwenyewe kwenye fomu yao, tarehe kumi na nne mwezi wa pili."

"Rudia tarehe."

"Kumi na nne, mwezi wa pili."

Mihayo, mtu wa tarehe, alihesabu kwa vidole. Ubatizo wa mjukuu wa Bujiku ulikuwa tarehe ishirini na nane mwezi wa kwanza. Zilikuwa zimepita siku kumi na saba. Kwa hiyo Elia aliandika akiwa ameshaambiwa. Aliandika analijua lile neno.

"Soma," alisema.

Anatoli akasoma kwenye simu, akiyageuza kuwa Kiswahili polepole. "Mchongeni baba yangu peke yake. Msimpake rangi, hakuna wa kumpaka rangi vizuri kuliko yeye. Nafasi ya pili ni yangu lakini iacheni wazi. Nikiwekwa pale mbele yake, atakaa ananitazama mimi, na kazi hataimaliza."

Nje lori lilipita, nyuzi za pamba zikaingia dirishani na kutua mezani, juu ya mama wa fisi na wenzake. Mihayo alikalia kitanda cha mwanawe, kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni, akalia kwa sauti kama walivyolia wanawake siku ya msiba. Alikuwa hajalia tangu mwaka jana. Nyanjige alikuja akakaa karibu yake, na safari hii hakuuliza kama Elia anakuja.

*

Jumatatu walipanda pikipiki mbili kwenda Kasoli. Kaburini, Mihayo alifuta vumbi msalabani kwa leso, akafungua mkebe uleule. Nyanjige alimshika mkono wa brashi.

"Ukiandika, hataleta tena."

"Ameshaleta vyote, mama Elia. Orodha imeisha."

Nyanjige akauachia mkono, akachukua mkebe akamshikia, akiuinamisha ili brashi ifike vizuri.

Mihayo akaandika kumi na tisa, mwezi wa tano, na mwaka. Ile tisa ilitetemeka. Wateja wake wanajua kwamba Mihayo akitetemeka anafuta na kuanza upya. Hakuifuta.

Ngazi ilirudi kutoka kwa Bujiku wiki hiyohiyo. Yule mzee wa kijivu sasa ana rangi zake zote, kofia ya kahawia, suruali ya bluu, na brashi yake ina ncha nyekundu. Amesimama mezani chumbani kwa Elia, peke yake kwenye kibao cha watu wawili. Kila asubuhi Nyanjige huingia na kitambaa, akalipangusa lile tundu la pili, pamba isije ikaliziba.